Mteremko Badala ya Ngazi: Lugha, Simu na Mkazi wa Eastlands

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii aghalabu hufasiriwa kwa mintarafu ya jikoni: kuku aliyechinjwa kwa ajili ya mgeni huliwa na watoto wa nyumbani pia. Makala haya yanaihamisha methali hiyo kutoka jikoni na kuipeleka katika uwanja ambao sisi wanafunzi wa Kiswahili tumewaachia wahandisi kwa muda mrefu, yaani uundaji wa vyombo na huduma za teknolojia. Dai langu ni hili: chombo kinapobuniwa kwa kumfikiria kwanza yule anayepata taabu zaidi kukitumia, awe asiyeona, asiyesikia, asiyejua kusoma au asiyejua Kiingereza, manufaa yake humfikia kila mtu. Zaidi ya hayo, katika nchi zinazoendelea kama yetu, lugha ndiyo sehemu ya kwanza ya ubunifu huo. Kwa hiyo mtaalamu wa Kiswahili hawezi kubaki mtazamaji katika suala hili.

Mifano mingi nitakayoitoa inatoka mitaa ya mashariki mwa Nairobi, maarufu kama Eastlands: Kaloleni, Makongeni, Jericho, Buruburu, Umoja, Kayole, Dandora, Kariobangi na jirani zake. Sikuichagua mitaa hii kwa sababu ya umaskini wake, kwani si wakazi wake wote walio maskini. Nimeichagua kwa sababu ndiko lugha, fedha na simu hukutana kila saa, na ndiko Kiswahili hupimwa bila huruma. Neno lisilofaa huko hutupwa siku iyo hiyo.

Dhana ya mteremko

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Berkeley nchini Marekani, wanaharakati wenye ulemavu walidai kwamba kingo za njia za waendao kwa miguu zikatwe na kuwekewa miteremko, ili anayetumia kiti cha magurudumu aweze kuvuka barabara. Miteremko ilipowekwa, ilibainika upesi kwamba watumiaji wake wengi hawakuwa watu wa viti vya magurudumu. Walikuwa akina mama waliosukuma vigari vya watoto, wachukuzi wenye mizigo, wazee wenye mikongojo na wasafiri waliokokota mabegi. Ngazi huwazuia wachache na kuwachosha wengi. Mteremko humfaa kila mpita njia.

Historia ina mifano mingine. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwitaliano Pellegrino Turri alimtengenezea mwanamke asiyeona, Carolina Fantoni, mashine ya kumwezesha kuandika barua zake mwenyewe. Mashine hiyo huhesabiwa miongoni mwa taipureta za awali kabisa duniani. Kila mmoja wetu aliyewahi kupiga chapa tasnifu yake ni mrithi wa mbali wa haja ya mwanamke huyo.

Yamkini msomaji atauliza: yanatuhusu nini mambo ya Berkeley na Italia? Hebu tumwangalie msukuma mkokoteni atokaye soko la Gikomba na mzigo wa mitumba. Kila ukingo wa barabara usio na mteremko humlazimu ausukume mkokoteni wake katikati ya magari. Vivuko vya juu vya barabara kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, vina njia za mteremko. Atumiaye kiti cha magurudumu huzitumia, na mchuuzi mwenye toroli vilevile. Ni kweli kwamba hata waendesha bodaboda huzivamia na kuwatisha wapita njia, lakini hilo ni suala la nidhamu na usimamizi. Halibatilishi ubora wa mteremko wenyewe.

Liko jambo jingine linalosahauliwa. Upungufu wa kuona, kusikia au kushika si hali ya kundi moja tu la watu. Mchuuzi wa Gikomba aliyezungukwa na kelele za minada ni kiziwi wa muda simu yake inapolia. Jua la saa saba linapopiga kioo cha simu kilichopasuka, mwenye simu huwa haoni. Makanga anayening'inia mlangoni mwa matatu, mkono mmoja ukishika chuma na mwingine ukishika noti, hana mkono wa tatu wa kubofya vitufe. Noti zetu zilizozinduliwa mwaka 2019 zimewekewa alama za kupapaswa ili asiyeona azitambue. Ni nani atakayesema kwamba alama hizo hazimfai makanga katika matatu yenye giza? Chombo kilichobuniwa kwa asiyeona ni akiba ya kila mtu kwa siku ambayo macho yake hayatamfaa.

Ndizi na chungwa

Mfano ulio bora zaidi katika historia yetu ya karibuni haukuhitaji umeme. Katika kura ya maamuzi ya tarehe 21 Novemba 2005 kuhusu rasimu ya katiba, wapigaji kura walipewa alama mbili: ndizi kwa waliokubali na chungwa kwa waliokataa. Haja ya alama inajulikana. Si kila raia anaweza kusoma karatasi ya kura, na haki ya kupiga kura haina sharti la kujua kusoma.

Tazama yaliyofuata. Alama zilizowekwa kumsaidia asiyesoma zikawa lugha ya taifa zima. Maprofesa walijadili ndizi na chungwa. Wahariri wa magazeti waliandika ndizi na chungwa. Katika vijiwe vya Eastlands, mtu aliulizwa tu anakula tunda gani na jibu lake likaeleweka. Upande wa chungwa ulishinda, na tunda hilo likazaa jina la vuguvugu na baadaye la chama, Orange Democratic Movement. Sisi wanafunzi wa fasihi tunaojifunza uashiriaji darasani tulipewa somo barabarani: ishara iliyoteuliwa kwa ajili ya wachache iliwatumikia wote, wasomi na wasiosoma. Katika kura ya tarehe 4 Agosti 2010 matunda yaliziachia nafasi rangi, kijani na nyekundu. Kwa maoni yangu chaguo hilo lilikuwa duni kidogo, kwani wapo watu ambao macho yao hayatenganishi rangi hizo mbili. Ndizi na chungwa vilitofautiana kwa umbo pia. Tofauti hiyo ndogo inaonyesha kwamba ubunifu unaofikiwa na wote hauji kwa bahati. Hutaka mtu wa kuuliza mapema: ni nani tutakayemwacha nje?

Vitenzi vilivyofungua mlango

Tugeukie sasa simu. Mnamo Oktoba 2005 kampuni ya Safaricom, kwa ushirikiano na Vodafone, ilianza majaribio ya huduma ya fedha kwa simu Nairobi na Thika. Nia ya awali ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu Kenya kulipa mikopo yao. Wateja wa majaribio, ambao wengi hawakuzoea kutumia simu kwa mambo ya fedha, waligundua matumizi mengine. Walitumiana fedha wao kwa wao. Wengine waliweka fedha kabla ya kusafiri na kuzitoa walikokwenda, ili wasinyang'anywe njiani. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, ilikuwa imejengwa upya juu ya jambo jepesi: kutuma pesa nyumbani.

Ufanisi wa M-Pesa umeelezwa na wanauchumi kwa njia nyingi. Mimi nataka kuutazama kama mwanafunzi wa lugha. Huduma hiyo haikudai simu ya bei ghali, kwa kuwa iliwekwa ndani ya kadi ya simu na ikafanya kazi katika simu ndogo ya vitufe. Haikudai akaunti ya benki. Iliuliza swali moja kwa wakati mmoja: namba, kisha kiasi, kisha namba ya siri. Ilituma ujumbe wa kuthibitisha kwa mtumaji na kwa mpokeaji. Na menyu yake ilitoa nafasi ya kuchagua Kiswahili. Kila mojawapo ya sifa hizi ni mteremko uliowekwa mahali palipokuwa na ngazi ya benki: fomu ndefu, foleni, kioo cha karani na Kiingereza cha kutisha. Nani aliyepanda mteremko huo? Mama mboga wa Kayole aliupanda, na mhadhiri mwenye akaunti tatu za benki akaupanda pia. Mgeni alikuja, na mwenyeji akapona.

Sasa tuyachunguze maneno yenyewe. Tuma. Toa. Lipa. Sambaza. Hakikisha. Okoa Jahazi. Fuliza. Msomaji mwenye jicho la mwanaisimu atatambua kwamba yote ni vitenzi katika hali ya kuamuru, au yameanza kwa kitenzi cha namna hiyo. Ni maneno ya silabi mbili, tatu au nne. Hayakubuniwa upya, bali yalikuwamo katika Kiswahili tayari. Sambaza ni neno la mtu yeyote aliyewahi kuanika mahindi. Okoa jahazi linabeba sitiari ya watu wa pwani, na linaeleweka na kijana wa Dandora ambaye hajawahi kupanda jahazi. Fuliza, yaani kufanya jambo mfululizo bila kusita, lilikuwa limelala katika kamusi zetu, pengine likisubiri mtihani wa msamiati. Tangu huduma ya jina hilo ilipoanzishwa mwaka 2019, limeamka na kuwa neno la kila kinywa.

Linganisha na maneno ambayo wasomi tumeyapigania kwa jasho: tarakilishi, kipakatalishi, rununu. La kwanza lina silabi tano na la pili sita. Sisemi kwamba ni mabaya. Uundaji wa maneno ni kazi halali na ya lazima, na baadhi ya matunda yake, kama vile barua pepe na runinga, yamekubalika pasi na shida. Ninachosema ni kwamba tuliketi mezani tukaunda nomino za kuviita vyombo, ilhali watu walihitaji vitenzi vya kuvitumia. Mkazi wa Makongeni hana haja kubwa ya jina tukufu la simu yake. Haja yake ni kujua abofye wapi ili pesa zisipotee.

Tuikumbuke pia hatima ya juhudi nyingine za wakati huo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya Jambo OpenOffice, iliyomwezesha mtu kuandika na kukokotoa katika kompyuta kwa Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa tafsiri ya Kiswahili ya programu zake katikati ya mwongo huo. Hizi zilikuwa kazi za heshima. Hata hivyo ni wangapi miongoni mwetu, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, tuliowahi kuziweka katika kompyuta zetu? Ikiwa wapenzi wenyewe wa lugha hatukuzitumia, tusimlaumu karani wa Buruburu.

Kodi ya kutoelewa

Hapa ndipo suala hili linapokuwa zito, kwa kuwa teknolojia isiyofikika haina hasara ya usumbufu tu. Ina hasara ya siri, fedha na heshima.

Kwa miaka mingi mtu asiyeona aliyetaka kujua salio lake la M-Pesa alilazimika kumpa mwingine simu amsomee. Aliyetaka kutuma fedha alilazimika kuitaja namba yake ya siri kwa sauti. Hiyo si siri tena. Mwaka 2017 Safaricom ilianzisha huduma ya sauti kwa wateja wake wasioona, ili wasikilize wenyewe kile walichokuwa wakisomewa na wengine. Lakini angalia: bibi wa Kariobangi anayeona vizuri na ambaye hakubahatika kwenda shule yumo katika hali iyo hiyo. Humpa mjukuu au mhudumu wa kibanda simu yake pamoja na namba ya siri. Sauti inayosema kwa Kiswahili chepesi humfaa asiyeona, humfaa bibi huyo, na humfaa dereva ambaye macho yake yako barabarani.

Hali ni ngumu zaidi katika huduma za serikali. Mnamo Juni 2023 serikali ya Kenya ilizindua programu ya simu iitwayo Gava Mkononi, na ikatangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zinapatikana kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen. Jina Gava Mkononi ni la kuvutia, limetoka midomoni mwa vijana wa mitaa yetu. Lakini ukishaingia ndani, lugha iliyotawala ni Kiingereza. Mwaliko umeandikwa kwa Kiswahili cha mtaani, na fomu zimeandikwa kwa lugha ya ofisini. Mwananchi afanyeje? Huenda kwenye duka la mtandao kando ya Jogoo Road, akamlipa kijana amjazie fomu. Humpa namba ya kitambulisho, nywila yake na wakati mwingine habari za maradhi yake. Mwenye bahati hufika Huduma Centre ya Makadara na kusaidiwa na mtumishi wa umma. Malipo yale ya dukani mimi nayaita kodi ya kutoelewa. Haimo katika bajeti yoyote wala hakuna bunge lililoipitisha, na anayeitozwa ni yule mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuilipa.

Kinachosikitisha ni kwamba sheria zetu ni nzuri. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu hicho hicho kinaitaka dola kukuza lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya, breli, na mifumo mingine ya mawasiliano na teknolojia inayofikiwa na watu wenye ulemavu. Zingatia kwamba waandishi wa Katiba waliyaweka mambo haya katika kifungu kimoja: Kiswahili, ishara, breli na teknolojia. Walielewa kwamba ni suala moja. Mwaka 2022 Kenya ilipata hata kiwango rasmi cha ubora kuhusu ufikiwaji wa bidhaa na huduma za habari na mawasiliano. Tunachokosa ni utekelezaji, na watu wa kuudai.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza husema kwamba nchi maskini haina fedha za kuwahudumia wachache, na kwamba tuwahudumie wengi kwanza. Hoja hii inajipinga yenyewe. Mifano tuliyoitaja inaonyesha kwamba wachache ndio wanaotuonyesha njia ya kuwafikia wengi. Isitoshe, mteremko unaojengwa pamoja na barabara haugharimu sawa na ule unaochongwa barabara ikiwa imekwisha kumwagiwa zege. Ghali ni kusahau, kisha kurudia.

Pingamizi la pili hutoka kwetu sisi wenyewe. Wapo wanaohofia kwamba tukikubali Kiswahili chepesi cha simu, tutamfungulia Sheng mlango na kukiua Kiswahili sanifu. Naiheshimu hofu hii, lakini siioni ikiwa na mashiko. Vitenzi nilivyovitaja hapo juu si Sheng, ni Kiswahili safi kabisa. Wepesi na usanifu si maadui. Tena, kituo cha Ghetto Radio kimekuwa kikitangaza kwa Sheng, na jarida la vibonzo la Shujaaz lililoanza mwaka 2010 limewafikia vijana kwa lugha hiyo, bila ya Kiswahili sanifu kufa. Hatari iliyo kubwa zaidi ni Kiswahili sanifu kukosa kazi ya kufanya. Lugha isiyoweza kumsaidia mtu kulipa ada ya mtoto wake itabaki kuwa ya mashindano ya ukariri.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo sitalikwepa. Je, urahisi huu haujawatia watu madeni? M-Shwari ilianza mwaka 2012, Fuliza ikaja mwaka 2019, na katikati yake zikamiminika programu nyingi za kukopesha kwa simu. Kukopa kumekuwa rahisi kuliko kuazima chumvi kwa jirani. Wengi waliorodheshwa kama wadaiwa sugu kwa vijisenti, hata Benki Kuu ya Kenya ikalazimika mwaka 2020 kuwazuia wakopeshaji wa mtandaoni wasiodhibitiwa kupeleka majina ya wateja katika ofisi za kumbukumbu za mikopo. Basi mteremko waweza pia kumtelezesha mtu shimoni.

Jibu langu ni kwamba mikopo hiyo ilifikika nusu. Neno la kukopa ni fupi na la Kiswahili, lakini masharti ya mikopo mingi ya simu ni marefu, ya maandishi madogo, na aghalabu ya Kiingereza cha kisheria. Mlango wa kuingilia umewekewa mteremko, na wa kutokea umeachwa na ngazi. Huduma inayofikika kwa kweli ingemwambia mkopaji kwa Kiswahili, kabla hajabofya: umekopa kiasi hiki, kila siku utatozwa kiasi hiki, usipolipa kufikia tarehe hii utakuwa unadaiwa kiasi hiki. Sentensi tatu tu. Hazihitaji mhandisi, zinahitaji mtu anayejua kuandika Kiswahili kilicho wazi na mwenye nia ya kusema kweli. Kwa hiyo pingamizi hili linanipa sababu ya kudai ufikiwaji zaidi.

Wajibu wetu

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu, haifai tuishie kulalamika. Napendekeza mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, istilahi zipimwe kabla ya kutangazwa. Mhandisi hakitoi chombo sokoni kabla ya kukijaribu. Kwa nini sisi tunatoa maneno kwa kujadiliana wenyewe kwa wenyewe ukumbini? Mwanafunzi wa shahada ya kwanza achukue istilahi ishirini, aende soko la Burma au kituo cha matatu cha Umoja, awaombe watu wazitumie katika jambo halisi, kisha aandike walipokwama. Huo ni utafiti kamili, na nauli yake ni ndogo.

Pili, idara zetu zifunze uandishi wa Kiswahili cha matumizi. Tunafunza mashairi, riwaya na tamthilia, na ni vyema, nami ni mtu wa fasihi. Lakini mhitimu wetu anayeweza kuchambua mkarara wa shairi apaswa pia kuweza kuandika fomu ya hospitali ambayo mgonjwa wa Dandora ataijaza bila kumlipa mtu. Ufupi, uteuzi wa neno na usikivu wa mdundo ni stadi za mshairi. Menyu ya simu inazihitaji zote tatu.

Tatu, tuichangie sauti ya Kiswahili. Vyombo vinavyosoma maandishi kwa sauti na vinavyosikia usemi hutegemea sauti za watu halisi. Mwaka 2021 mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla ulianza juhudi za kukusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa wasemaji wa kujitolea. Iwapo sauti zitakazokusanywa ni za watangazaji na wasomi tu, mashine itamwelewa mhadhiri na kumkatalia kijana wa Mathare. Vyama vya wanafunzi vinaweza kuandaa siku ya kurekodi. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, tumeiadhimisha kwa hotuba na maandamano. Saa moja ya siku hiyo ingetosha.

Nne, tuanze nyumbani. Majarida na tahakiki zetu nyingi husambazwa zikiwa picha za kurasa zilizopigwa kwa mashine ya nakala. Programu ya kumsomea asiyeona haiwezi kuisoma picha kama hiyo, bali hukaa kimya. Wapo wanafunzi wasioona wanaosoma Kiswahili katika vyuo vyetu. Tunawaandikia makala kuhusu usawa, kisha tunawapa karatasi isiyosema. Tukitoa maandishi halisi badala ya picha, mwenzetu asiyeona atasoma. Hata mwanafunzi anayeona atafaidika, kwani ataweza kutafuta neno ndani ya makala, kuyasoma kwenye simu ndogo, na kuyasikiliza akiwa ndani ya matatu ya kwenda Kayole.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kumfikiria aliye pembezoni si sadaka. Ni njia ya akili ya kubuni kitu kitakachowafaa wote. Ndizi na chungwa vilifanya hivyo katika kura, menyu fupi ya vitenzi ikafanya hivyo katika fedha, na sauti yaweza kufanya hivyo katika huduma za afya na za serikali. Yamedai pia kwamba urahisi wa nusu ni mtego, na kwamba lugha iliyo wazi ni kinga ya mnyonge sawasawa na ilivyo mlango wake.

Wahandisi wana sehemu yao, nao wameifanya kwa kiasi chao. Sehemu iliyobaki ni ya maneno, na maneno ndiyo taaluma yetu. Mitaani kuna watu wanaolipa kodi ya kutoelewa kila siku, na kila fomu tutakayoiandika upya kwa Kiswahili kinachoeleweka itawapunguzia kodi hiyo. Penye nia pana njia. Tuihakikishe tu kwamba njia hiyo ina mteremko.